Barua ya Wazi kwa Serikali ya Uingereza: Mke Asiwe Mateka wa Viza ya Mumewe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Mheshimiwa Waziri wa Sheria, wakuu wa polisi wa England na Wales, na viongozi wa halmashauri zinazosimamia makazi na ustawi wa jamii.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia sisi tunaofanya kazi na wanawake waliokuja Uingereza kutoka India, Pakistan, Bangladesh, Nepal na Sri Lanka wakiwafuata waume zao, kisha wakapigwa, wakafungiwa ndani, wakanyimwa hata nauli ya basi, au wakarudishwa kwao kwa hila na kutelekezwa huko. Miongoni mwetu wamo wakalimani, wasaidizi wa kesi na waendesha nyumba salama. Tumechagua Kiswahili kwa sababu bado kinazungumzwa katika familia nyingi za Kihindi zilizofika Leicester, Wembley na Harrow kutoka Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960 na kutoka Kampala mwaka 1972. Waliokuja wakati ule wakiwa vijana ndio leo mama wakwe, wajomba na wazee wa jumuiya, na binti akipigwa huwaendea wao kabla ya kwenda polisi. Tunataka nao wasome. Tena kanuni tunazozilalamikia humbana vilevile mke aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam.

Ombi letu kubwa ni moja: usalama wa mwanamke usitegemee aina ya viza aliyo nayo mumewe, wala muda wa kumlinda usiishe kabla hajapata pa kulala.

Tuanze na pale mume anapopatia nguvu zake. Mke wa raia wa Uingereza huingia kwa viza ya miezi 33, huiongeza kwa miezi 30, na ndipo huomba ukaazi wa kudumu. Kabla ya 2003 muda wa kungoja ulikuwa mwaka mmoja. Ukawa miwili. Tangu tarehe 9 Julai 2012 ni mitano. Kila uliporefushwa ilisemwa kwamba shabaha ni kuzuia ndoa za uongo, lakini kilichorefuka pamoja nao ni muda ambao mke wa ndoa ya kweli anaweza kutishwa kwa maneno matatu: nitakurudisha kwenu kesho.

Vitisho hivyo vina meno. Mume akiiandikia Wizara ya Mambo ya Ndani kwamba ndoa imevunjika, Wizara hufupisha viza ya mke, kwa kawaida zikabaki siku 60. Taarifa hutumwa kwenye anwani au barua pepe iliyomo katika faili, na mara nyingi barua pepe hiyo aliifungua mume wakati wa maombi, na nywila anayo yeye. Mke huja kujua viza imekatwa siku mwajiri anapomkagua, au siku anapofika uwanja wa ndege. Tangu kadi nyingi za ukaazi zilipoisha muda tarehe 31 Desemba 2024 na hadhi ya uhamiaji ikahamia mtandaoni, hali imezidi kuwa mbaya. Kadi ya plastiki mwanamke aliweza kuificha ndani ya sidiria au kumpa jirani amtunzie. Akaunti ambayo namba yake ya kuingilia hutumwa kwenye simu ya mume haifichiki, na bila akaunti hiyo hawezi kumthibitishia mwenye nyumba wala mwajiri kwamba yuko nchini kihalali. Tunaomba iwepo laini moja ya simu yenye wakalimani, ambapo mwanamke akiwa na msaidizi wa kesi au wakili ataweza kuhamishia akaunti kwenye namba yake siku hiyohiyo, na namba ya zamani isipelekewe ujumbe wowote wa kuarifu kwamba imebadilishwa.

Kisha kuna deni. Ada ya viza ya ndoa ikijumlishwa na ada ya afya, ambayo peke yake ni pauni 3,105 kwa miezi 33, hupita pauni 5,000, na tangu Aprili 2024 lazima kionyeshwe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kwa familia ya mume hizo ni fedha walizomtolea bibi harusi, ingawa wazazi wake nao wametoa vyombo, fedha na dhahabu kwa upande wa mume. Huambiwa apike, afue, aangalie wazee na asitoke mpaka deni liishe, nalo halina daftari. Dhahabu yake iko kwenye sanduku la benki kwa jina la mama mkwe.

Juu ya yote hayo, viza yake ina sharti la kutogusa fedha za umma, chini ya kifungu cha 115 cha Sheria ya Uhamiaji na Ukimbizi ya 1999. Watu hudhani sharti hilo linahusu posho tu, kumbe linafunga pia mlango wa nyumba salama. Chumba pale hulipiwa kwa posho ya nyumba ya mkaaji mwenyewe. Hakuna posho, hakuna kodi. Nyumba yenye vyumba 6 ikipokea wanawake 2 wasio na haki ya posho, theluthi ya kodi imepotea, ilhali mshahara wa mlinzi wa usiku, umeme na bima vinadaiwa vilevile. Ndiyo maana mwanamke hupigiwa simu nyumba baada ya nyumba na kuambiwa hapana hata palipo na kitanda kitupu. Anayejibu simu si kwamba hana huruma, ameshapiga hesabu. Mwezi Aprili 2021 mlianzisha mradi wa majaribio wa pauni milioni 1.5, ulioendeshwa na Southall Black Sisters, shirika la wanawake la London, kuwalipia wanawake wa namna hii malazi na chakula. Fedha za aina hiyo ziwe bajeti ya kudumu, kwa sababu nyumba salama haiwezi kumwajiri mtu kwa mkataba unaotegemea kama mradi utaongezwa mwakani.

Mtatuambia dawa ipo. Ipo, na tunaithamini, maana mashirika ya wanawake yaliipigania kwa miaka mingi. Kuna ruhusa maalumu iliyoanza tarehe 1 Aprili 2012, na kuna kanuni mpya za waathirika wa ukatili wa nyumbani zilizoanza tarehe 31 Januari 2024. Mke anayestahili hujaza fomu fupi, huituma kwa barua pepe, na Wizara hulenga kujibu ndani ya siku 5 za kazi. Viza yake ya ndoa hufutwa, naye hupewa miezi 3 ya kukaa, kufanya kazi na kupata fedha za umma. Ndani ya miezi hiyo lazima apeleke ombi la ukaazi wa kudumu. Asipolipeleka, muda ukiisha hana viza yoyote, kwa kuwa ile ya kwanza alikwisha kuiachia.

Tuhesabu pamoja. Miezi 3 ni wiki 13. Wiki ya kwanza anapata barua ya ruhusa na kufungua dai la Universal Credit, posho kuu ya serikali. Malipo ya kwanza huja baada ya takriban wiki 5. Akihitaji kabla ya hapo hupewa mkopo utakaokatwa kwenye malipo ya mbele. Ili alipwe anahitaji akaunti ya benki, na benki inataka anwani. Anwani ya nyumba salama ni siri, hutumika sanduku la posta, na karani asiyeelewa humrudisha. Asiye na namba ya bima ya taifa huiomba hapo hapo, akisubiri tena. Kwa hiyo mwanamke ambaye mambo yamemwendea vizuri hushika fedha zake mwenyewe kwenye wiki ya sita au ya saba.

Wakati huohuo anatafuta wakili. Msaada wa kisheria kwa ombi hili bado upo, lakini zipo wilaya nzima zisizo na ofisi hata moja yenye mkataba wa uhamiaji, na zilizopo zimejaa. Wakili akipatikana, lazima kwanza athibitishe kwamba mteja hana kipato, hivyo huomba taarifa za benki za mtu ambaye hajawahi kuwa na akaunti. Ndipo vianze kutafutwa vielelezo: rekodi za daktari, kumbukumbu za polisi, barua ya ustawi wa jamii, amri ya mahakama. Kisheria taasisi ina mwezi mmoja wa kumjibu mtu anayeomba taarifa zake binafsi, na wengi hutumia mwezi wote. Maelezo ya mwanamke nayo hayachukuliwi kwa kikao kimoja. Mtu aliyelazimishwa kitandani kwa miaka mitatu hasimulii hayo mbele ya mgeni kwa saa mbili. Husimulia kidogo, hunyamaza, hurudi wiki ijayo. Kufika wiki ya 11 wakili ana nusu ya faili. Ombi lenyewe lina ada inayozidi pauni 3,000, na kusamehewa ni lazima aonyeshe ufukara, kwa karatasi nyingine tena.

Kwa sababu hiyo tunawashauri wanawake wenye mahali salama pa kukaa na viza yenye muda mrefu wasikimbilie fomu ya miezi 3. Wanaweza kupeleka ombi la ukaazi moja kwa moja, bila kuanzisha hesabu ya wiki hizo 13. Ushauri huo haumfai anayelala kwenye kochi la mtu au aliyetoka nyumbani na mkoba tu, na hao ndio wengi.

Muda huo uwe miezi 6 angalau. Mashirika ya wanawake yamelisema hili mara nyingi, nasi tunalirudia kwa sababu kila wiki tunayoihesabu hapo juu imetokana na utaratibu wa serikali yenyewe. Kuna na hili dogo ambalo halihitaji sheria mpya: ombi la ukaazi likipelekwa kabla ya miezi 3 kuisha, haki zake, pamoja na fedha za umma, huendelea mpaka jibu litoke. Hivyo ndivyo kinavyosema kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya 1971. Lakini mtumishi wa posho huona tarehe ya mwisho kwenye kompyuta yake na kusitisha malipo, na mwanamke hulala njaa wakati wakili akiandikiana barua na ofisi. Wizara itoe, siku ile ile inapopokea ombi, barua ya ukurasa mmoja inayosema waziwazi kwamba haki ya fedha za umma inaendelea na kwa kifungu gani.

Hata hivyo, aliye na haki ya kuomba ukaazi ana nafuu. Mke wa mwanafunzi, wa mhandisi wa kompyuta au wa mhudumu wa wazee aliyekuja kwa viza ya kazi hana. Tangu 2024 naye anaweza kupewa ile ruhusa ya miezi 3, na tulifurahi lilipotangazwa. Ila mwisho wa miezi hiyo hakuna ombi la ukaazi analoruhusiwa kupeleka chini ya kanuni za ukatili wa nyumbani. Ni daraja lililojengwa mpaka katikati ya mto. Amekwisha kuiacha viza ya utegemezi iliyomruhusu kufanya kazi. Sasa arudi kwao, ambako wakwe wanamngoja na wazazi wanaona aibu, au aombe kwa msingi wa haki za binadamu bila fedha na mara nyingi bila wakili, au apate viza ya kazi yake mwenyewe. Kima cha kawaida cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, tangu tarehe 22 Julai 2025, ni pauni 41,700. Mama wa watoto wawili aliyetoka juzi katika nyumba salama haupati mshahara huo ndani ya wiki 13. Matokeo yake tunalazimika kuwaambia baadhi yao, kwa uchungu, kwamba fomu hii inaweza kuwaweka pabaya kuliko walipo, na wao hurudi kwa mume wakijua wanachorudia. Vipigo havitofautiani kwa viza. Anayepigwa na raia na anayepigwa na mwanafunzi wa uzamili wanahitaji kitu kilekile: kibali kinachojitegemea, kisichopungua muda uliobaki kwenye viza ya awali, na njia ya kuomba kubaki pale ambapo kurudi ni hatari.

Sasa kuhusu kutelekezwa, jambo ambalo halina alama mwilini na kwa hiyo hupuuzwa.

Mpango huwa mmoja, iwe ni Jalandhar kule India, Sylhet kule Bangladesh au Mirpur, Kashmir ya upande wa Pakistan. Mume anasema twende tukamwone mama, au kuna harusi ya binamu. Tiketi za kwenda na kurudi zinakatwa kwa wote. Siku chache kabla ya kurudi, pasipoti ya mke inachukuliwa "ikatunzwe". Mume anaondoka usiku, pengine na mtoto. Simu ya mke inazuiwa. Wiki chache baadaye barua inafika Wizarani kwamba ndoa imekwisha, viza inakatwa, na madai ya talaka yanafunguliwa mahali ambapo mke hawezi kufika. Anabaki kwa wazazi, ambako majirani husema lazima alikosa yeye, au anabaki kwa wakwe kama mtumishi. Lengo ni asifike mbele ya hakimu wa Uingereza kudai makazi, mali au mtoto.

Mahakama za familia za England na Wales zilikwisha kuyatambua haya. Mwongozo wake wa kesi za watoto, tangu marekebisho ya 2017, unautaja utelekezaji wa kuvuka mipaka kuwa sehemu ya ukatili wa nyumbani. Oktoba 2022 Mahakama Kuu, katika kesi ya mwanamke aliyetelekezwa Pakistan, iliona kwamba kuwaacha wanawake wa aina hiyo nje ya kanuni ni ubaguzi usio halali. Kanuni za 31 Januari 2024 zikawafungulia njia ya kuomba ukaazi wakiwa nje ya nchi. Hongereni kwa hilo, ingawa ililazimu kushtakiana.

Njia hiyo ni nyembamba. Ile ruhusa ya miezi 3 haitolewi kwa aliye nje, kwa hiyo hakuna fedha yoyote wakati anapoomba. Kituo cha kuchukulia alama za vidole kiko mjini, pengine safari ya siku nzima kutoka kijijini, na mwanamke aliyeachwa haachwi kusafiri peke yake. Pasipoti hana, lazima atoe taarifa polisi na kuomba mpya, na polisi wa kituo cha kijijini wanamjua baba mkwe. Ubalozi wa Uingereza humhudumia raia wa Uingereza, na yeye si raia. Mtoto wake akiwa raia, mlango hufunguka kidogo kupitia mtoto. Asipokuwa na mtoto hakuna mlango. Wakili yuko Birmingham na mteja yuko Sylhet, na karatasi za msaada wa kisheria zinataka sahihi na uthibitisho wa kipato.

Vielelezo huwa vipo kuliko watu wanavyodhani, bora vikusanywe mapema. Shirika la ndege linaweza kuonyesha kwamba tiketi zilikatwa za kurudi kwa wawili na kwamba ya mke haikutumika au ilifutwa, na tarehe gani. Jumbe za WhatsApp za wiki mbili za mwanzo, kabla hajazuiwa, huonyesha akiuliza pasipoti iko wapi. Ziwekwe kwa picha za skrini zenye namba na tarehe, kisha zitumwe kwa mtu anayeaminika. Video ya harusi huonyesha dhahabu, na stakabadhi za sonara huonyesha uzito wake. Taarifa ya polisi, hata iliyoandikwa shingo upande, ina tarehe.

Lakini kielelezo kikubwa kuliko vyote kimo katika kabati lenu. Ni barua ya mume. Wizara inajua aliiandika lini. Kumbukumbu za mipaka zinaonyesha mke alitoka lini na mume alirudi lini. Mke akiwa nje ya nchi siku mume anapoandika kwamba ndoa imekwisha, hiyo yenyewe ingetosha kuwasha taa nyekundu. Tunaomba mambo mawili hapa. Kwanza, viza ya mke isifupishwe kwa neno la mume peke yake mpaka mke mwenyewe atafutwe kwa njia isiyopitia kwa mume, na kwa lugha anayoielewa. Pili, anapoomba kama aliyetelekezwa, Wizara ifungue faili lake kabla ya kumdai yeye vielelezo.

Kuhusu talaka za mbali, mwanamke na hata mawakili wengine hudhani kwamba talaka ikishatolewa India au Pakistan mlango wa Uingereza umefungwa. Haujafungwa. Sehemu ya Tatu ya Sheria ya Kesi za Ndoa na Familia ya 1984 inaruhusu mahakama ya hapa kutoa amri za fedha na mali baada ya talaka iliyotolewa nje, mradi kuna uhusiano wa kutosha na nchi hii, kwa mfano mmoja wao kuishi hapa kwa miezi 12 kabla ya maombi, na mahakama itoe idhini kwanza. Kwa talaka za Pakistan, Sheria ya Familia ya Kiislamu ya 1961 inataka mwenyekiti wa baraza la mtaa aarifiwe na mke apewe nakala, na talaka haikamiliki kabla ya siku 90; mume aliyetuma neno kwa simu na kukaa kimya hajaimaliza. Mtoto aliyerudishwa England bila mama huombewa amri mahakama ya hapa, na haraka ni muhimu, kwa kuwa kila mwezi unaopita mtoto huonekana amezoea. Mtoto aliyebaki nje ni jambo gumu zaidi: India na Bangladesh hazimo katika Mkataba wa The Hague wa 1980 kuhusu utoroshaji wa watoto, ambao kwa huo nchi hurudishiana watoto. Waziri wa Sheria, tunaomba waamuzi wapewe maelekezo ya kawaida ya kumruhusu mama aliye nje kushiriki kwa video, na msaada wa kisheria usitake karatasi ambazo mtu aliyetelekezwa hawezi kuwa nazo.

Turudi kwenye vielelezo vya walio ndani ya nchi, maana hapo maombi mengi mazuri huharibika. Wizara huamini zaidi rekodi ya daktari. Sasa fikirini rekodi hiyo iliandikwa vipi. Mke haongei Kiingereza. Amesindikizwa na mumewe au mama mkwe. Yule yule anayempiga ndiye mkalimani. Daktari anaandika: ameteleza jikoni. Miaka miwili baadaye maneno hayo hutumika kumwonyesha mwanamke kuwa mwongo. Daktari anapaswa kumwona peke yake japo mara moja, kwa mkalimani wa simu, na aandike nani alikuja naye na nani alitafsiri. Mstari huo mmoja huokoa kesi.

Mkalimani naye si mtu yeyote anayetoka upande ule wa dunia. Mwanamke wa Sylhet akiletewa mkalimani wa Kibangla sanifu atajibu ndiyo kwa adabu, na nusu ya maana itapotea. Wa Mirpur husema Kipahari, nanyi mnamwandikia Kiurdu. Wa Kutch, huko Gujarat ya India, husema Kikachi, nanyi mnamwandikia Kigujarati. Ulizeni lugha ya nyumbani na wilaya aliyotoka. Na pale lugha inapokuwa ya watu wachache, tumieni mkalimani wa simu kutoka mji mwingine, tena asiulizwe jina la ukoo wa mteja, kwa sababu habari hutembea ndani ya ukoo kuliko barua ya posta. Ni hivyohivyo kwa nyumba za ibada. Gurdwara, nyumba ya ibada ya Wasikh, humlisha yeyote bila kumuuliza, na wanawake wengi wameponea hapo wiki ya kwanza. Lakini mjomba wa mume naye huja kula Jumapili.

Nyumba salama zinazoendeshwa na wanawake wa jamii hizi zinajua hayo bila kufundishwa. Zinajua kwamba mlaji mboga hatatumia sufuria iliyopikiwa nyama, kwamba anayefunga Ramadhani anahitaji jiko saa tisa usiku, na kwamba mama yake aliye Punjab lazima apigiwe simu mapema kabla wakwe hawajamwambia kuwa binti ametoroka na mwanamume. Zabuni za halmashauri zinazompa fedha mwenye bei ndogo kwa kila kitanda huziua nyumba hizi, na zikishafungwa hazifufuki.

Kwa polisi tunasema kwa ufupi, kwa kuwa lilikwisha kusemwa na wakaguzi wenu. Baada ya malalamiko ya Liberty, shirika la kutetea haki za binadamu, na Southall Black Sisters ya mwaka 2018, ripoti ya Desemba 2020 ilipendekeza polisi waache mara moja kupeleka kwa uhamiaji taarifa za waathirika wa ukatili wa nyumbani ambao shaka pekee juu yao ni viza. Serikali ilikataa kujenga ukuta kamili kati ya polisi na uhamiaji. Maadamu ukuta haupo, mume ataendelea kusema "piga 999, namba ya polisi, uone watakayemchukua," na mke ataendelea kumwamini. Askari wakimsindikiza mwanamke kuchukua vitu vyake, waulize kwa majina: pasipoti yake, pasipoti za watoto, vyeti vya kuzaliwa, dawa, simu. Wasiondoke kwa jibu la "zimepotea" bila kuliandika.

Halmashauri mna wajibu usiohitaji kibali cha Wizara. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989 kinawaruhusu kumlipia mama malazi na chakula pamoja na mtoto mwenye uhitaji, awe na haki ya posho au asiwe nayo. Kumwambia mama kwamba mtamchukua mtoto lakini yeye hamna pa kumweka ni kumrudisha kwa mume kwa mkono wenu. Na mwenye barua ya miezi 3 tayari anastahili msaada wa makazi. Tangu Julai 2021 asiye na makazi kwa sababu ya ukatili wa nyumbani ana kipaumbele bila kuulizwa udhaifu mwingine. Tunaomba nakala ya barua hiyo ibandikwe kwenye kila dawati la mapokezi ili karani aijue anapoiona.

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, liko jambo lenye tarehe. Uingereza iliridhia Mkataba wa Istanbul, mkataba wa nchi za Ulaya dhidi ya ukatili kwa wanawake, ukaanza kutumika hapa tarehe 1 Novemba 2022, lakini mkaweka pingamizi juu ya kifungu cha 59, ambacho ndicho kinachohusu hadhi ya ukaazi ya wanawake wahamiaji. Kwa kifungu cha 79 pingamizi hilo linadumu miaka 5, na nchi lazima iarifu angalau miezi 3 kabla kama inaliendeleza, inalibadilisha au inaliondoa. Maana yake uamuzi unatakiwa uwe umefanywa kufikia mwanzoni mwa Agosti 2027. Tunaomba muliondoe. Mkikusudia kuliendeleza, tunaomba sababu ziandikwe na kuwekwa mezani mwa Bunge kabla ya hapo, pamoja na idadi ya wake wa wanafunzi na wa wafanyakazi waliopewa ile miezi 3 tangu 2024, na maelezo ya kilichowapata baada ya miezi hiyo kuisha.

Wenu,

Wakalimani, wasaidizi wa kesi na waendesha nyumba salama